Baba anayemlinda binti amekosa nini? Swali kuhusu Eddie, yule kuli wa New York

KaraniWaGati (Kigoma)

Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Mimi si mwandishi humu. Huwa napita kwenye nyuzi za mpira na bei ya mahindi, nasoma, naondoka. Leo nina swali la mchezo wa kuigiza, msinicheke.

Niko bandarini hapa Kigoma mwaka wa 26 sasa. Nilianza kibarua wa kubeba mifuko, wale wa kusimama getini alfajiri wakisubiri majina yatajwe, baadaye nikawa karani wa kuhesabu shehena. Nakaa Katubuka. Nina mke, wavulana wawili wanaosoma, na binti wa miaka 22 ambaye sikumzaa. Ni mtoto wa marehemu dada yake mke wangu. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka 4. Nilikuwa kando ya kitanda na nilimwambia yule mama, huyu hatakosa kitu mimi nikiwa hai. Hajakosa.

Sasa, vijana wa parokia wanaandaa mchezo. Mtu mmoja aliwaletea kitabu cha Mmarekani Arthur Miller, A View from the Bridge. Wameutafsiri wenyewe, karatasi zimechapwa dukani na kubanwa pini, wameuita "Kutoka Darajani". Binti amepewa kuwa Catherine. Nyumbani hana wa kumsomea sehemu za wenzake, wale wadogo zake wanaishia kucheka. Basi jioni tukishakula nakaa naye jikoni, yeye Catherine, mimi Eddie. Umeme ukikatika tunawasha taa ya sola tunaendelea. Wiki ya tatu hii.

Kwa ambao hawaujui, naueleza nilivyouelewa mimi. Eddie Carbone ni kuli wa meli huko New York, mtaa wa Red Hook, upande wa Brooklyn. Mchezo ulitoka 1955, mwaka uliofuata Miller akaurefusha ukawa wa sehemu mbili, ndio huu tulio nao. Eddie anaishi na mkewe Beatrice na huyo Catherine, ambaye ni mtoto wa marehemu dada yake Beatrice.

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikamwangalia binti. Akasema, "Ndiyo baba, hata mimi nimeona."

Vijana kwenye tafsiri wameandika "mpwa". Nikawaambia hapana, mpwa ni wa mjomba. Mtoto wa dada wa mke wangu ananiita baba, na kwa Kiswahili hana jina lingine la kuniita. Wamelibadilisha.

Mchezo unapoanza Catherine karibu anafikisha miaka 18. Amevaa viatu vya kisigino, Eddie hataki, anasema mlio wake unawageuza wanaume shingo njia nzima. Amepata kazi ya kuandika hati mkato kwenye kampuni ya mabomba, dola 50 kwa wiki, Eddie hataki, anasema mtaa ule karibu na jeshi la maji una wahuni. Jamani, mimi niko bandarini. Najua wanaume wanasema nini msichana akipita na viatu vile. Mimi mwenyewe zamani nilisema. Eddie ameona kile nilichokiona.

Halafu wanakuja ndugu wawili kutoka Sicily, Marco na Rodolpho, binamu zake Beatrice. Hawana karatasi za kuingia nchini. Eddie anawapokea, anawalaza kwake, nao wanapata kazi ya meli. Eddie mwenyewe hapo mwanzo anapakua meli ya kahawa. (Hapo kwenye kahawa anasema inanukia kama maua. Ni kweli. Tumepakua sana kahawa ya Burundi hapa, ukirudi nyumbani mke anajua umeshinda ghala gani.) Marco ni mtu mzima, mkimya, ana watoto watatu aliowaacha na njaa. Rodolpho ni kijana, nywele za dhahabu, anaimba, anapika, anashona. Catherine anampenda. Eddie anaanza kuharibika: anasema kijana hayuko sawa, anasema anatafuta uraia tu. Mwisho anaingia kibanda cha simu anawachongea kwa uhamiaji, wanakamatwa, Marco anamtemea mate usoni mbele ya majirani, wanapigana, Eddie anakufa kwa kisu chake mwenyewe.

Kijana anayesimamia mchezo, msomi wa chuo, amewaambia kwamba Eddie ana wivu wa mapenzi kwa binti aliyemlea, na ndio ugonjwa wa mchezo wote. Nimekasirika mpaka leo. Mtu kafanya kazi Hoboken, Staten Island, kila bandari penye meli ili mtoto wa mwenzie ale, halafu msomi anakuja na neno moja anamfunika nalo.

Swali langu ni hili. Ukiiweka pembeni ile simu, ambayo siitetei, kosa la Eddie ni lipi? Uchungu na mtoto unaishia wapi na wivu unaanzia wapi?

DogoMwanga

Mzee wangu, mtu karudi nyumbani kalewa, kamkuta binti na mchumba wanatoka chumbani, kambusu binti kwa nguvu, kambusu na mchumba kwa nguvu, halafu unauliza kosa ni lipi? Uliuruka ule ukurasa?

KaraniWaGati

Sikuuruka. Wameukata wao kwa sababu mchezo utafanyika ukumbi wa kanisa. Niliusoma peke yangu chooni. Ule ni ulevi.

DogoMwanga

Ulevi unamfungua mtu mdomo tu mzee, maneno yalishakuwemo. Naishia hapo nisije nikakosa adabu.

Bi Mkubwa Gungu

Karani, salamu. Umeeleza vizuri, ila katika maelezo yako yote Beatrice umemtaja mara mbili tatu, na kila mara ni kwa sababu ya dada yake au binamu zake. Yeye mwenyewe umemwona?

Mimi niliusoma zamani, nilikuwa nafundisha. Kuna mahali, mapema kabisa, Rodolpho na Catherine hawajafika popote, Beatrice anamuuliza mumewe lini atakuwa mke tena. Miezi karibu mitatu. Eddie anasema hajisikii vizuri, anasema ana mawazo na hao vijana. Mke anaambiwa ni uchovu. Msomi wenu labda ameanzia kwenye busu, mimi naanzia hapo. Baba anayemlinda mtoto wa nyumba hamwachi mkewe peke yake kitandani kwa sababu ya ulinzi. Kuna kitu kimehama.

Na ona Beatrice anavyohangaika. Anamvuta Catherine pembeni anamwambia usitembee mbele yake ukiwa na nguo ya ndani, usikae ukingoni mwa bafu akinyoa ndevu, wewe ni mwanamke sasa. Catherine anashtuka, hajawahi kuliona jambo hilo. Mama anamfundisha binti kujihadhari na baba ndani ya nyumba yao, na anatafuta maneno ambayo hayatamvunjia mumewe heshima. Nani anambebea Beatrice huo mzigo? Hakuna. Mpaka karibu na mwisho, ndipo anamwambia Eddie usoni kwamba anachokitaka hawezi kukipata kamwe. Na Catherine amesimama palepale anasikia.

Nakuambia haya kwa sababu nilikulia Ujiji na baba wa namna hiyo. Hakunigusa, nieleweke. Alikuwa na baiskeli ya Phoenix, alinisindikiza shule mpaka kidato cha nne, mimi nimekaa nyuma na wenzangu wanatembea. Posa tatu alizirudisha. Mmoja alisema ana meno mabaya. Mmoja anatoka ukoo wa wadeni. Wa tatu hakutoa hata sababu, alinyamaza mpaka wale wazee wakaaga. Nilipoolewa nina miaka 31 alikataa kukaa kwenye nikaha, ikabidi baba mkubwa awe walii. Ila kinachonikaa rohoni si hicho. Mama yangu alihamia chumba chetu sisi watoto nikiwa darasa la sita, akasema ni kwa ajili ya mbu, chandarua chetu kilikuwa kikubwa. Miaka na miaka ya mbu. Nilikuja kuelewa nimeshazaa.

Kaka zangu wawili waliondoka mapema, mmoja Mpanda, mmoja Dar. Hawakuona faida ya kukaa nyumba ambayo mtoto ni mmoja.

Sasa Karani nikuulize na wewe, samahani kama navuka. Mama mwenye nyumba anasemaje juu ya haya masomo ya jikoni?

KaraniWaGati

Mama, pole kwa hayo. Mke wangu hana neno.

Bi Mkubwa Gungu

Haya.

Mwl. Mstaafu, Tabora

Ndugu Karani, nimefuatilia kwa makini. Nimefundisha fasihi miaka 34 na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza kahawa ya Red Hook kama wewe. Msomi wenu angekukalisha karibu, angejifunza.

Lakini nakupinga kidogo. Umefurahi kwamba kwa Kiswahili Catherine anamwita Eddie baba. Mimi naona hilo ndilo linalotupofusha. Neno baba lina haki zake: kukataza, kuuliza anaenda wapi, kukagua mchumba, kupokea mahari. Eddie akifanya hayo yote kwetu anaonekana anatimiza wajibu, na wivu unapita humohumo umevaa kanzu ya wajibu, hakuna wa kuusimamisha mlangoni. Kule Marekani angalau wakili Alfieri anathubutu kumwambia kwamba wakati mwingine upendo unazidi, na mtoto inabidi aende zake. Eddie anamwendea Alfieri akitaka sheria. Anaambiwa hakuna sheria inayomkataza msichana kumpenda mgeni. Sheria inauliza jambo moja tu, waliingiaje nchini. Eddie anasema hilo hatalifanya. Hapo ndipo angetakiwa ashtuke, maana mlango wa pekee uliobaki wazi ni ule alioapa hataupita.

Kuna baba mwingine napenda kumtaja, maana watu wakisema wivu wanamkimbilia Othello wa Shakespeare, yule jemadari aliyemwoa Desdemona, na kumsahau mkwewe. Brabantio, babake Desdemona, ni seneta wa Venice. Alimkaribisha Othello nyumbani mara nyingi, akapenda hadithi zake za vita. Alipogundua binti yake ameolewa naye kwa siri, ghafla ikawa uchawi, akaenda kushtaki barazani usiku. Desdemona akasema mwenyewe mbele ya wazee kwamba amependa. Baba ameshindwa. Angeweza kunyamaza. Akamwambia Othello amchunge huyo mwanamke, kamdanganya babaye, na yeye atamdanganya.

Iago, mtu wa Othello anayemchukia kwa siri, yuko pale anasikia. Baadaye, kwenye tendo la tatu, anataka kumtia Othello sumu, na hahitaji kutunga: anarudia maneno ya baba mkwe, alimdanganya babaye alipoolewa nawe. Othello anakubali kwamba ni kweli. Leso, ule ushahidi wa uongo wa Iago, inakuja baadaye, mbegu ilipandwa na mzazi. Na Brabantio mwenyewe? Tunaambiwa mwishoni, Desdemona akiwa ameshakufa kitandani, kwamba mzee alishafariki kwa huzuni ya ndoa ile. Ndugu anayetoa habari anasema bora hayupo asione.

Wengine mtamkumbuka Shylock katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969 (ambaye, sisi wa Tabora hatuachi kusema, alisoma hapa). Shylock anamwachia binti yake Jessica funguo, anamwambia funga milango, ukisikia ngoma na watu wa vinyago usichungulie dirishani. Usiku uleule Jessica anatoka amevaa kiume na kasha la dhahabu mkononi. Wanafunzi wangu walikuwa wanacheka sana hapo. Wasichana walicheka kuliko wavulana, nikawa najiuliza kwa nini.

DogoMwanga

Mwalimu heshima yako. Sasa huyo Brabantio ungeniambia nikiwa kidato cha sita ningefaulu.

MtotoWaUlyankulu

Mimi sikusoma huo mchezo, nimesoma hapa tu. Naomba niseme kuhusu ile simu ambayo mleta mada ameiweka pembeni. Haiwekeki pembeni.

Nilizaliwa makazi ya Ulyankulu, huku Tabora. Wazazi walitoka Burundi 1972. Wengi wetu tulipewa uraia, ile tajnisi ya watu zaidi ya 160,000 iliyokamilika 2014, na mimi nimo, nashukuru. Lakini baba mdogo wangu aliondoka makazini zamani bila kibali, akaenda kuishi mji mmoja siutaji, akafungua kibanda cha viatu. Akachongewa. Aliyemchongea alikuwa anakula kwake. Ugomvi ulikuwa nini? Binti. Baba mdogo hakuwa na kosa lolote kwa yule mtu isipokuwa mtoto wa yule mtu alikuwa anapenda kukaa pale kibandani kuongea.

Alirudishwa makazini kwa gari na mkoba mmoja. Viatu vya watu aliviacha, na mpaka anakufa alikuwa anavitaja: jozi ya mwalimu, jozi ya mama muuza mchele. Lakini nataka kusema habari ya yule mwingine. Mtaa mzima ulijua. Mkewe aliacha kwenda sokoni mwenyewe, alimtuma mtoto. Yule binti aliolewa mbali na harusi yake ilikuwa na viti vitupu. Haya tuliyasikia kwa watu wa huko miaka mingi baadaye, na baba mdogo hakufurahi hata kidogo.

Mwl. Mstaafu, Tabora

Umenikumbusha, na ni vizuri umesema. Ndani ya mchezo Eddie na Beatrice wanamsimulia Catherine, kabla wageni hawajafika, habari ya kijana Vinny Bolzano aliyemchongea mjomba wake kwa uhamiaji. Baba yake na kaka zake watano walimburuta ngazini kichwa kinagonga, wakamtemea mate barabarani. Eddie mwenyewe ndiye anayetaka isimuliwe, kama onyo. Anajua bei yake senti kwa senti. Na bado.

Kisha kuna wale wawili wengine, wageni wa muuza nyama, Lipari, waliokuwa wamelala nyumba hiyohiyo ghorofa ya juu. Eddie hakujua wapo. Wanakamatwa pamoja na Marco na Rodolpho. Alirusha jiwe kwa kijana mmoja likaangukia familia ya jirani. Ndiyo maana Lipari anampa mgongo na mtaa wote unamfuata.

KaraniWaGati

Nimekaa siku tatu sijajibu. Mtoto wa Ulyankulu, nimesoma habari ya viatu mara nne.

Sikuwaambia yote. Kuna kijana. Wengine labda mlishahisi, Bi Mkubwa najua alihisi.

Ni fundi cherehani, ametokea ng'ambo, Uvira, alivuka na boti. Ana kibanda Mwanga. Anashona vitenge vizuri, siwezi kukataa, gauni la Pasaka la mke wangu ni kazi yake. Binti alilipeleka, akalifuata, halafu akawa analifuata hata likiwa limeshakuja. Kwa Eddie kosa la Rodolpho lilikuwa kushona. Kwetu hilo halisimami, mafundi wa soko zima ni wanaume. Nikatafuta kosa lingine. Nikasema anacheka sana. Nikasema suruali zimembana. Nikasema anapika, mwanaume gani anapika sombe (kisamvu) mwenyewe, wavulana wangu wakaniuliza kwani baba Mkongo atapikiwa na nani, yuko peke yake. Mwisho nikapata kosa zuri: anatafuta karatasi. Anataka kumwoa binti apate uraia.

Nilipolipata hilo nililala vizuri. Nawaambieni ukweli. Nililala kama mtu aliyelipa deni.

Namba ya simu ya uhamiaji niliinakili kutoka kwenye bango. Ujumbe niliuandika, sikuutuma, ukakaa kwenye simu. Nilieleza kibanda kilipo na chumba anacholala: nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu. Haya yalikuwa kabla ya huu mchezo kuja nyumbani. Halafu jioni moja tunafika ukurasa wa kibanda cha simu. Pale Eddie hazungumzi na Catherine, ningeweza kuupita, lakini binti alisema soma tu baba nisikie unavyokuja. Nikasoma. Anasema anataka kuripoti, ni wawili. Anataja mtaa. Anataja namba ya nyumba. Anataja ghorofa ya chini. Niliposoma ghorofa ya chini niliona mlango wa bluu. Sauti ikagoma. Binti akaniletea maji, akasema baba umeigiza vizuri hapo, usibadilishe.

Ujumbe niliufuta usiku huohuo. Lakini sikuwa nimeufuta kwa sababu nimekuwa mtu mwema, niliona aibu tu kwamba maneno ni yaleyale. Na asubuhi nilirudi kumtetea Eddie, ndio nikaandika huu uzi.

Fundi Sheria

Kwa faida ya mleta mada na wengine: sheria yetu ya uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanaume wa kigeni akimwoa Mtanzania hapati njia hiyo, ataomba kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo kijana wako kama shida yake ni karatasi basi amechagua njia ndefu kuliko zote. Kuishi na kufanya kazi hapa kuna vibali vyake, aende mwenyewe akaulize, asisubiri apelekwe.

DogoMwanga

Kosa zuri limekufa hapo mzee.

KaraniWaGati

Limekufa. Nilimweleza mke wangu hilo la sheria, akasema alilijua, binti alishamwambia tangu mwaka jana. Kumbe walishakaa wakaongea. Mwaka mzima.

Bi Mkubwa Gungu

Karani, swali langu la kwanza bado linakusubiri.

KaraniWaGati

Ndiyo mama. Nalijibu, halafu nitaacha.

Juzi umeme ulikuwa umekatika. Binti alitaka tupitie mwanzo wote kwa mpangilio, na sehemu za Beatrice hazina msomaji. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa kando ya mlango. Binti akamwambia mama shika hii karatasi, soma tu palipopigwa mstari. Akanawa mikono, akaja, akakaa upande wa pili wa taa. Yeye na kusoma kwa sauti si marafiki, alikuwa anafuata kwa kidole.

Tukafika pale mke anamuuliza mume lini atakuwa mke tena. Msimamizi hakukata hapo, amelainisha tu: lini nitarudi kuwa mke wako. Mke wangu akaweka kidole juu ya mstari, akautazama kidogo. Halafu akaacha karatasi akaniangalia mimi na akasema, "Lini nitarudi kuwa mke wako?" Si kwa sauti ya kusoma.

Zamu ilikuwa yangu. Karatasi inasema Eddie ajibu kwamba hajisikii vizuri. Sikujibu. Binti aliangalia huku akaangalia kule, akasema ngoja nikatazame kama mlango wa kuku umefungwa, akatoka. Kuku tuliuza tangu Januari.

Tulikaa. Yaliyosemwa hapo si ya humu ndani. Nitasema moja tu, kwamba kabla ya hapo sikuwa nimehesabu, na yeye alikuwa amehesabu. Mimi karani wa kuhesabu.

Mchezo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kijana aliyetakiwa kuwa Eddie anasema hawezi kumfokea binti yangu nikiwa nimekaa mstari wa mbele, nimeambiwa nikae nyuma.

MtotoWaUlyankulu

Na fundi?

KaraniWaGati

Anakuja kula Jumapili hii. Mke wangu amesema asije na mikono mitupu, apike yeye mwenyewe tumwone, nimenunua migebuka minne Kibirizi. Kuhusu kibali nimemwambia Jumatatu tutakwenda wote, nitaomba ruhusa kazini. Binti amenunua viatu vya kuvaa siku ya mchezo, vyekundu, vya kisigino. Anavifanyia mazoezi sebuleni, sakafu ni saruji, unamsikia mpaka barabarani. Sijasema kitu. Ila havijanipendeza.